Kuchagua silaha: Mchezoni ni tarakimu, Eyasi ni mlo

KATIKA michezo ya kompyuta ya kishujaa, mchezaji anapotimiza kazi aliyotumwa mara nyingi huwekewa vifaa viwili au vitatu mbele yake, naye hutakiwa kuchagua kimoja tu. Vinavyobaki humpotea.

Katika World of Warcraft, mchezo uliotolewa mwaka 2004 na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani, wageni wengi huvutwa na kifaa chenye tarakimu kubwa. Lakini mchawi akichukua deraya ya chuma hawezi kuivaa; itamfaa kwa kuiuza tu.

Kwa sababu hiyo, wazoefu hujiuliza maswali matatu: Je, naweza kukitumia? Je, kinazidi nilicho nacho? Je, kazi iliyo mbele yangu inakihitaji?

Maswali hayo huulizwa kwa uzito zaidi katika Bonde la Eyasi wilayani Karatu, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, ambako wapo Wahadzabe ambao hadi leo huishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi.

Wawindaji hao hawayeyushi chuma. Baadhi ya vigumba vya mishale huvitengeneza wenyewe kwa kugonga misumari, na vingine huvipata kwa wahunzi wa Kidatoga wa Mang'ola, ambao hufua vyuma chakavu. Asali ni miongoni mwa malipo. Hivyo anayetoa asali yake hutoa chakula cha familia, na hana budi kujua anachukua chuma gani.

Mshale wa mti mtupu, uliochongwa ncha, hauhitaji chuma. Huo hutosha kwa ndege na wanyama wadogo kama pimbi, na ukipotea vichakani hasara yake ni ndogo.

Kigumba kipana cha chuma kisicho na sumu huua kwa kukata na kumwaga damu. Hufaa kwa wanyama wa wastani.

Kigumba chenye meno yaliyoelekea nyuma hupakwa sumu, mojawapo ikiwa ile inayochemshwa kutokana na utomvu wa waridi la jangwani. Huo ni mshale wa wanyama wakubwa kama pundamilia. Meno huushikilia mwilini ili sumu ifanye kazi, na mwindaji husubiri kwa saa kadhaa kabla ya kufuata nyayo.

Hata hivyo, silaha kali kuliko zote si lazima iwe bora. Mashamba ya vitunguu na mifugo vimeenea bondeni, na wanyama wakubwa wamepungua. Mwenye podo lililojaa mishale ya sumu anaweza kurudi kambini mikono mitupu, ilhali mwenzake aliyebeba mishale ya mti amewapelekea watoto kanga wawili.

Mchezaji wa kompyuta aliyekosea husubiri zawadi nyingine. Aliyekosea Eyasi hulala na njaa, na asali yake imekwisha kwenda.