Kilichomo Ndani ya Kitambi

Kipande chembamba cha mafuta ya tumboni kikiwekwa chini ya hadubini, huonekana seli kubwa za duara zilizobanana. Kila seli imejaa tone moja la mafuta, na kiini chake kimesukumwa ukutani kwa kukosa nafasi. Kwa mtu asiye na unene, mengi zaidi ya hayo hayaonekani kwa urahisi. Kwa mwenye kitambi kikubwa, hapa na pale utaona seli moja ya mafuta imezungukwa pande zote na seli ndogondogo, zimepangana kama shanga. Watafiti huyaita mazunguko hayo mataji. Seli iliyo katikati imekufa, au iko mbioni kufa. Zinazoizunguka ni makrofaji, seli za kinga za jamii ya chembe nyeupe za damu, zilezile zinazomeza vimelea vya maradhi na kuondoa uchafu kwenye jeraha.

Ndani ya kitambi hakuna jeraha wala vimelea. Makrofaji zimefuata nini huko?

Kwa miaka mingi swali hilo halikuulizwa, kwa sababu mafuta yalihesabiwa kuwa akiba tu ya nishati isiyo na kazi nyingine. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1993, pale Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, wakiwa Boston nchini Marekani, walipoonyesha kuwa mafuta ya panya wanene yanatoa kwa wingi protini iitwayo TNF. Protini hiyo ilikuwa ikijulikana kama ishara ya vita: seli za kinga huitoa mwili unaposhambuliwa. Walipoizuia isifanye kazi, miili ya panya hao iliitikia insulini vizuri zaidi. Mwaka uliofuata ikagunduliwa leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kuuarifu ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Mafuta yakaanza kutazamwa kama kiungo kinachozungumza na mwili mzima.

Uzito wa ugunduzi ule wa 1993 unaeleweka tukikumbuka kazi ya insulini. Baada ya mlo, sukari hupanda katika damu, na insulini huzitaka seli za misuli na za mafuta ziipokee. Papo hapo huziamuru seli za mafuta ziache kumwaga akiba yake, kwa kuwa chakula kipo. TNF huvuruga amri hiyo. Seli ya mafuta isiyoisikia insulini huendelea kuachia mafuta kwenye damu hata mtu akiwa ameshiba. Mafuta hayo huenda kujilundika kwenye ini na misuli, mahali pasipo pake, na safari ya kuelekea kisukari cha aina ya pili huwa imeanza.

Kilichobaki ni kujua TNF hiyo inatoka wapi hasa. Jibu lilikuja mwaka 2003 kutoka makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake, moja likiongozwa na Anthony Ferrante wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kundi la Ferrante liligundua kwamba katika mafuta ya watu wembamba, makrofaji hazifiki asilimia 10 ya seli zote. Kwa watu wanene sana hukaribia asilimia 40, na kwa panya wanene kupindukia huvuka nusu. Sehemu kubwa ya TNF ya kwenye mafuta ilitoka kwenye makrofaji hizo.

Hapo ilikuwa rahisi kuhukumu kwamba makrofaji ni adui aliyevamia. Lakini turudi kwenye lile taji. Seli ya mafuta inayozidi kutanuka hufika mahali ikashindwa kujimudu, ikafa. Ikifa, tone lake la mafuta hubaki wazi katikati ya tishu, na mafuta yaliyo wazi hudhuru seli jirani. Tone hilo ni kubwa mara kadhaa kuliko makrofaji moja, hivyo haliwezi kumezwa na seli moja peke yake. Ndiyo maana makrofaji hukusanyika, zikalibana pande zote, zikamwaga vimeng'enya juu yake na kulisaga kidogokidogo kutoka nje. Hiyo ni kazi ya usafi, na mwili unaihitaji. Balaa huanzia pale seli zinapokufa kila siku, usafi usiishe, na ishara za kuita msaada zisinyamaze. Hali ambayo kwenye kidonda hupona kwa siku chache huendelea kimyakimya kwa miaka.

Kikundi cha Ferrante kilileta ushahidi mwingine mwaka 2010. Panya wanene walipopunguziwa chakula, makrofaji katika mafuta yao ziliongezeka kwanza, kisha zikapungua. Katika siku hizo za mwanzo, akiba ilipokuwa ikiachiwa kwa kasi, makrofaji ziliyadaka mafuta na kuyahifadhi, yasiifurike damu kwa mpigo.

Mafuta ya mwenye afya nayo yana walinzi wake. Mwaka 2009 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba mafuta ya tumboni ya panya wembamba yana seli T dhibiti kwa wingi, ambazo kazi yake ni kutuliza seli nyingine za kinga. Unene ulipoingia, seli hizo zilipungua mno. Mwaka 2011 ikabainika kuwa eosinofili, zinazojulikana zaidi kwa kupambana na minyoo, hukaa ndani ya mafuta na kutoa ishara inayozifanya makrofaji ziwe na utulivu. Zipo pia seli za kinga zinazoweza kuzisukuma seli za mafuta meupe zianze kuchoma akiba yao ili kutoa joto, badala ya kuitunza tu.

Hata amri ya ubongo ya kuchoma mafuta hupitia mikononi mwa kinga. Mwili unaposikia baridi au njaa, mishipa ya fahamu iliyopenya kwenye mafuta humwaga noradrenalini, na seli za mafuta huanza kuachia akiba. Mwaka 2011 lilitolewa dai kwamba makrofaji zenyewe hutengeneza noradrenalini na hivyo kusaidia uchomaji. Dai hilo lilivuma, lakini mwaka 2017 watafiti waliolipima upya hawakuona makrofaji zikiitengeneza. Mwaka huohuo kikundi cha Ana Domingos, nchini Ureno, kiliona makrofaji zimeng'ang'ania mishipa ya fahamu na kufanya kinyume chake: huinyonya noradrenalini na kuivunjavunja kabla haijaleta athari. Panya wanene walikuwa na makrofaji nyingi zaidi za aina hiyo. Zilipoondolewa mlango wa kuinyonyea, panya walichoma mafuta zaidi na wakapungua uzito.

Kwa hiyo seli za kinga zina sauti katika kila hatua ya maisha ya mafuta, na seli ileile hulinda au hudhuru kutegemea hali inayoizunguka. Dawa zimetufundisha hivyo pia. Dawa za kuzuia TNF zimewapa nafuu kubwa wagonjwa wa baridi yabisi, lakini zilipojaribiwa kwa wenye kisukari cha aina ya pili, matokeo hayakuridhisha. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio la dawa nyingine ya kutuliza kinga, kanakinumabu, kwa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo. Mashambulio mapya yalipungua. Visa vipya vya kisukari havikupungua. Kuwanyamazisha walinzi hakutoshi ikiwa kinachowaita bado kipo.

Mazoezi yanaonyesha vizuri kuliko yote kwamba ishara ileile hudhuru au hulinda kutegemea inakotoka. Misuli inapofanya kazi hutoa IL-6, protini ambayo seli za kinga nazo huitoa wakati wa maradhi. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio la watu wenye kitambi walioendesha baiskeli ya mazoezi kwa wiki 12. Waliofanya mazoezi bila kuzuiwa IL-6 walipungukiwa mafuta ya ndani ya tumbo. Waliopewa dawa ya kuizuia walitoa jasho lilelile, lakini mafuta hayo hayakupungua. Ishara tunayoihusisha na ugonjwa, ikitoka kwenye misuli inayofanya kazi, ndiyo inayosaidia kuyatoa mafuta yaliyojificha.

Kwetu kitambi kimesifiwa kuwa dalili ya neema, na siku hizi kinachekwa kuwa dalili ya ulafi. Yote mawili humnyima mtu msaada anaohitaji. Mwenye kitambi amebeba kiungo kilichozidiwa na kazi, na kinga yake inahangaika kukisafisha. Kinachompunguzia mzigo kinajulikana: kuzoea kutembea na kufanya kazi za nguvu, kula kwa kiasi, na kuanza mapema kabla insulini haijashindwa kusikika. Dawa za kutuliza kinga ndani ya mafuta zikipatikana, zitafaa zaidi zikilenga seli husika bila kuinyamazisha kinga nzima. Kwa sasa, kila kliniki inayopima presha ipime na kiuno, na anayepimwa aelezwe kwa heshima kinachoendelea ndani yake.