Tovuti ya Biashara (Sehemu ya 4): Gharama ya Taka Hulipwa na Nani?

Rais wa Kenya alipotia sahihi marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao tarehe 15 Oktoba 2025, kelele zote zilielekea kwenye vifungu vya unyanyasaji mtandaoni, na wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi yake. Kifungu cha hadaa, ambacho sasa kinataja barua pepe na simu, kilipita kimyakimya. Nacho ndicho kinachomgusa mwenye duka la pembejeo Embu mjini na muuzaji wa makadamia kutoka Imenti. Majina ya tovuti na usajili wake tumeshayamaliza katika sehemu zilizotangulia; leo ni zamu ya taka zinazomiminwa humo, yaani ujumbe usioombwa, ambamo hadaa nayo hujificha.

Taka hizi ni kongwe kuliko kompyuta. Mwishoni mwa Mei 1864, wanasiasa kadhaa wa Uingereza waliletewa telegramu majumbani jioni. Zama zile telegramu ilimshtua mtu, kwani aghalabu ilibeba jambo zito. Walipofungua, wakakuta madaktari wa meno wa mtaa wa Harley, London, wanatangaza saa zao za kazi! Malalamiko yalifika hadi gazeti la The Times. Hata hivyo telegramu ililipiwa na mtumaji, tena si kwa bei ya chini, na gharama hiyo ikawa breki.

Breki hiyo ilikatika tarehe 3 Mei 1978. Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya Digital Equipment, alitaka kuwaalika watu kwa barua pepe kwenye maonyesho ya kompyuta mpya huko California. Mwenzake alichapa anwani karibu 400 za mtandao wa ARPANET, nazo zikawa nyingi hata zikafurika nafasi yake na kumwagikia ndani ya barua yenyewe. Thuerk alikemewa vikali. Lakini kutuma hakukumgharimu kitu, na baadaye alijigamba kwamba barua ile ilimletea mauzo ya mamilioni ya dola. Tangu hapo mzigo wote umekuwa wa mpokeaji: muda wake, bando lake, utulivu wake.

Mwaka 1992 Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza dawa ambayo mimi sijachoka kuisifu. Kabla ya barua kupokelewa, kompyuta ya mtumaji ifanye kwanza hesabu ndogo ya sekunde chache. Anayeandika barua moja hahisi chochote. Anayetaka kutuma milioni moja, kompyuta yake itahangaika kwa wiki kadhaa. Adam Back aliunda mfumo wa namna hiyo mwaka 1997, akauita Hashcash, na waliobuni Bitcoin wakajengea juu yake. Naipenda fikra hii kwa sababu ni ya haki: anayesumbua wengi ndiye alipe zaidi.

Sasa tuje nyumbani. Karibu na Manyatta nilionyeshwa tovuti ya chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Fomu ya "Wasiliana Nasi" ilikuwa na matangazo ya kamari na mikopo yaliyojazwa na roboti, mengine kwa herufi za Kirusi, na swali la mnunuzi halali limezikwa katikati. Ubaya zaidi haukuonekana pale. Fomu ile humjibu kila mtu papo hapo: "Asante," kisha jina. Roboti huandika tangazo zima penye nafasi ya jina, na penye anwani huweka ya mtu asiyehusika. Tovuti ya wakulima ndiyo inayomtumia mtu huyo taka, kwa jina lake yenyewe. Jina hilo la tovuti likiingizwa kwenye orodha nyeusi za watumaji taka kama za Spamhaus, ankara inayopelekwa kwa mnunuzi Ujerumani hutupwa kabla hajaiona.

Tiba yake si ghali. Jibu la papo hapo lisirudie maneno ya aliyejaza fomu. Kuwe na kisanduku kilichofichwa, ambacho binadamu hakioni lakini roboti hukijaza. Kikijazwa, ujumbe unatupwa. Hesabu ya namna ya Dwork na Naor nayo ipo leo katika baadhi ya huduma za kuchuja roboti, bila kumlazimisha mteja kutafuta picha za taa za barabarani. Aliyekutengenezea tovuti aweke pia SPF, DKIM na DMARC, yaani mifumo ya kuthibitisha mtumaji wa barua pepe, ili matapeli wasijifanye wewe kirahisi.

Lakini mfanyabiashara wa Makutano anayelalamika kuhusu taka, kisha kila Ijumaa anatuma matangazo kwa namba zilizonakiliwa kutoka daftari la wageni getini, ana tofauti gani na roboti? Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi au ruhusa ya sheria. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine. Kwa hiyo kisanduku cha idhini katika fomu yako kisiwe na alama ya vema tayari; mteja aiweke mwenyewe. Na usimdai namba ya kitambulisho mtu anayetaka tu kujua bei ya kilo moja ya makadamia.