Kicheko chenye meno

Katika vikao vyetu na familia zilizohama vijiji vya kandokando ya Salamabila, vichekesho havikosekani. Kuna vinavyopoza moyo. Kuna pia vinavyompa jirani jina la mnyama. Watu wakicheka, mzee mmoja huinamisha kichwa. Basi viongozi wa wahamaji walituuliza: je, utani unaweza kuleta vita? Tunajibu kwa habari za magazeti mawili ya zamani.

Tuanze na nchi yetu. Tangu 1885 hadi 1908 Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji. Watu walilazimishwa kutafuta mpira porini. Walioshindwa kutimiza kiasi walipigwa viboko, wake zao walishikwa mateka, wengine waliuawa ama kukatwa mikono. Kule Ulaya mfalme alijitangaza kuwa mfadhili. Tarehe 28 Novemba 1906, gazeti la vichekesho Punch la London lilitoa mchoro wa Linley Sambourne: mmea wa mpira umegeuka nyoka, kichwa chake ni cha Léopold na ndevu zake, naye amemzonga Mkongomani. Mwaka 1905 Mmarekani Mark Twain alikuwa ametoa kijitabu ambamo mfalme anajisemea peke yake, akilalamikia kamera, shahidi ambaye hawezi kumhonga. Twain hamtukani; anamwacha ajivue nguo mwenyewe.

Ushahidi ulitoka kwenye ripoti ya konsuli Roger Casement ya 1904 na picha za wamisionari. Lakini ripoti husomwa na wachache, na nyoka yule hata asiyejua kusoma alimwelewa. Mwaka 1908 Léopold alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi hii. (Ukoloni haukuisha hapo, tunajua.)

Gazeti la pili ni Kangura la Rwanda, lililoanza 1990. Nalo lilichora, nalo lilichekesha, hata wakubwa liliwacheka. Ila lilimcheka pia jirani, Mtutsi, na kumwita mende. Mende hahurumiwi, hukanyagwa. Mauaji ya kimbari yalikuja 1994. Mhariri Hassan Ngeze alihukumiwa kifungo cha maisha huko Arusha mwaka 2003; rufaa ya 2007 ilikipunguza kuwa miaka 35.

Kwa hiyo kichekesho kikifika kwenye simu yako, kabla ya kukituma, uliza: anayechekwa anachekwa kwa alilotenda, au kwa kabila alilozaliwa? Na je, anaweza kujibu bila hofu? Utani wa mila kati ya koo hauumizi kwa sababu kila upande una zamu yake.

Katika kikao kimoja mama mhamaji alituigiza sisi watu wa shirika: tunaandika majina leo, tunayaandika tena mwezi ujao, na unga hauonekani. Tulicheka, tukiona haya kidogo. Kisha tukaketi na kamati, tukaipitia orodha upya.