Kimweri na Wanawe

Ukisimama kwenye jabali la Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, mlima unakatika ghafla mbele yako. Huko chini kwenye joto la nyika ndiko Mazinde. Sogeeni wajukuu zangu, maana kisa cha Mazinde kinagusa hata mashamba ya babu zenu.

Zamani nchi hii ilitawaliwa na ukoo wa Wakilindi, na aliyevuma zaidi kati yao ni Kimweri ye Nyumbai, aliyekaa Vugha. Aliishi sana, akazaa wengi, akawapa wanawe sehemu za nchi wazitawale kwa niaba yake. Maadamu mzee alikuwa hai, walimtii. Nani angebishana na baba?

Akafariki mnamo 1862. Mwanawe Mshuza alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo kiti kikamwangukia mjukuu, Shekulwavu, kijana mbichi. Haya, kijana huyo awaamuru ami zake! Mmoja wao, Semboja, alijiimarisha Mazinde, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki kwa biashara. Akampiga mtoto wa kaka yake. Vugha ikateketezwa, Wabondei waliokuwa chini yao wakawaasi Wakilindi, na ndugu wakapigana miaka na miaka.

Kimweri aligawa nchi, lakini kilichowashikamanisha wanawe ni yeye mwenyewe. Alipoondoka, kila mtu akashika lake.

Mtasema, sisi si wafalme. Kweli, lakini shamba la bibi lina kabichi, karoti na miti ya peasi, na huku milimani ardhi ni finyu. Bibi akifumba macho bila kusema, mjomba atadai bondeni ni kwake, na shangazi ataambiwa kwamba kwa kuwa ameolewa, hana chake. Ndiyo maana mzee huacha wosia akiwa na akili timamu.

Katika kanuni za sheria za kimila zilizotangazwa 1963, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Kwa nini watu baki? Kwa sababu hawana la kupata, basi hawana la kuficha. Kwa wosia wa maandishi wanatosha mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja baki, ikiwa mwenye wosia anajua kusoma na kuandika. Kama hajui, wanne. Karatasi yenyewe inaweza kutunzwa na RITA, wakala wa serikali. Kwa Waislamu, mafungu ya warithi yamekwisha pangwa, na wosia hauvuki theluthi moja ya mali.

Wosia mzuri hausemi tu, “shamba la chini apewe binti yangu.” Unasema liko kitongoji gani, linapakana na nani juu na nani chini, na mpaka unapita kwenye mti upi. Kama kijiji kimetoa hati ya hakimiliki ya kimila, nayo inatajwa. Hapo hata hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, asiyewahi kulikanyaga shamba hilo, atajua linaishia wapi.

Na shangazi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Kabla yake, mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya aliamua huko Mwanza kwamba Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, alikuwa na haki ya kuliuza sawa na mwanamume wa ukoo wake.

Wapo watakaosema kuzungumzia wosia ni kujichuria. Lakini wosia hauiti kifo, na mzee akibadili mawazo anaweza kuuandika upya. Akiwa hai, anayenung’unika atanung’unika mbele yake na kujibiwa. Akishafukiwa, watajibizana wao kwa wao.

Basi siku bibi akiwa na nguvu, mwombeni awatembeze kwenye mipaka, mkiwa na dada zenu na jirani wa kila upande. Si uroho huo. Anayejua mpaka leo ndiye atakayeitwa shahidi kesho.