Pua Iliyoziba Upande Mmoja: Habari kwa Wapakiaji wa Nchelenge



Kila tunapozungukia maghala ya Nchelenge na soko la samaki la Kashikishi, lalamiko moja halikosi: mafua yasiyokwisha. Mpakiaji anabeba magunia ya mihogo mikavu na chisense tangu alfajiri, vumbi linamwingia, pua inaziba, kichwa kinagonga, na jioni ananunua vidonge dukani. Walio wengi hupona. Wapo wasiopona, na hao ndio tunaotaka kuwazungumzia, maana baadhi yao wanameza dawa ambayo haiwezi kabisa kuwaponya.

Ndani ya mifupa ya uso mna matundu yenye hewa: mashavuni, juu ya macho, na katikati ya pua na macho. Madaktari huyaita sainasi. Ute wake hutokea puani kwa njia nyembamba, na njia hiyo ikiziba, ute hutuama kama maji ya mtaro. Mara nyingi chanzo ni virusi vya mafua au bakteria, hata jino bovu la juu. Lakini mara chache chanzo ni kuvu, yaani ukungu, jamaa ya ule unaouona juu ya muhogo uliokauka vibaya. Amoksilini huua bakteria. Ukungu haiugusi.

Ukungu unaosumbua zaidi unaitwa aspegilasi. Aina yake mojawapo, aspegilasi flavasi, ndiyo inayotengeneza sumukuvu katika mahindi na karanga, sumu ile iliyoua watu 125 kati ya wagonjwa 317 huko mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Wale waliila sumu katika chakula. Sisi tunasema juu ya mbegu za ukungu wenyewe, ambazo ni ndogo mno hata jicho halizioni, nazo hupanda hewani gunia linapotupwa chini. Tusitishane: kila binadamu huvuta mbegu hizi kila siku na mwili huzitoa. Tofauti ya mpakiaji ni wingi wa vumbi analovuta, siku baada ya siku, ndani ya ghala lisilo na dirisha.

Nchi iliyotufundisha mengi katika jambo hili ni Sudan. Mwaka 1969 madaktari wa huko waliandika habari za wagonjwa 17 waliokuwa na uvimbe wa kuvu katika sainasi, na tangu hapo Sudan imejulikana kwa ugonjwa huu. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa watu wenye afya zao, wasio na upungufu wa kinga. Ugonjwa ulianza kama pua kuziba upande mmoja, ukaenda polepole kwa miezi, hata miaka, mpaka uvimbe ukasukuma jicho kutoka mahali pake. Kwa kuutazama tu ungedhani ni saratani. Hujulikana kwa kukata kipande kidogo cha nyama na kukipima kwa darubini. Tiba yake ni kupasuliwa, kisha dawa ya kuvu kama itrakonazoli kwa muda mrefu, maana uvimbe una tabia ya kurudi.

Kuna ndugu yetu mmoja, mpakiaji wa ghala la mihogo, ambaye hatutamtaja jina. Alimeza dawa za bakteria mara nne, kila mara kutoka duka tofauti. Majirani walianza kunong'ona kwamba amerogwa, na wengine wakakataa kunywa naye kikombe kimoja. (Ugonjwa huu hauambukizi mtu kwa mtu, hilo lieleweke kwa kila nyumba.) Alipofika kwa daktari wa pua jicho lilikwisha kuvimba, na nauli yake tulichanga sisi wenzake. Mwajiri wake alisema mafua si ajali ya kazini. Kwa bahati jicho limepona, lakini miezi mitano hakubeba gunia wala hakulipwa ngwee.

Hali si moja kwa wote. Mwingine huwa na donge la ukungu tu ndani ya tundu la shavu, linalotolewa kwa upasuaji na mambo yakaisha. Mwingine mwili wake hukasirishwa na ukungu, akaota vinyama puani. Tena katika nchi za joto za Afrika ya Magharibi na ya Kati ipo kuvu inayokaa katika udongo na majani yanayooza, ambayo huwapata zaidi wanaume wa kazi za nje na kuvimbisha pua na mdomo wa juu pole pole, bila maumivu makubwa.

Ile ya kuogopwa ni ya mbio. Humwingia mwenye kisukari kisichotunzwa au mwenye kinga iliyoshuka, na huweza kuua kwa siku chache. India mwaka 2021, wakati wa Korona, iliripoti wagonjwa zaidi ya 40,000 wa kuvu ya namna hiyo, wengi wao wakiwa na kisukari au wakiwa wamepewa dawa za steroidi. Kwa hiyo tunawaomba sana: acheni kununua predinisoloni sokoni kwa ajili ya mafua. Inafungua pua kwa wiki moja huku ikishusha kinga yako.

Basi, pua ikiziba upande mmoja na kutoa usaha wenye harufu zaidi ya wiki 12, usirudi dukani. Nenda hospitali ya St Paul's pale Kashikishi au kituo kilicho karibu, useme kazi yako ni magunia, na uulize waziwazi kama inaweza kuwa kuvu. Jicho likivimba, ukiona vitu viwili viwili, shavu likifa ganzi, au ukiona weusi ndani ya pua au kwenye kaakaa, nenda siku hiyo hiyo, hata usiku.

Kwa waajiri tuna maneno machache. Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya mwaka 2010 inataka mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi awe na kamati ya afya na usalama. Tunataka kuziona kamati hizo maghalani, siyo kwenye karatasi. Tunataka barakoa zinazobana uso vizuri, kwani kitambaa hakizuii mbegu za kuvu. Tunataka magunia yawekwe juu ya mbao, yasilale sakafuni, na yaliyoota ukungu yatengwe kabla mtu hajayabeba. Vibarua wa kutwa nao waandikishwe katika bima ya afya ya taifa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018.

Ziwa linapofungwa kwa uvuvi, Desemba mpaka mwisho wa Februari, wengi wetu huhamia mihogo na mahindi, na ndiyo miezi ya mvua, magunia yana unyevu. Kwa hiyo tawi limefungua daftari. Kila mpakiaji mwenye pua iliyoziba zaidi ya mwezi mmoja aandikishwe: ghala gani, mzigo gani, tangu lini, dawa gani amekwisha kumeza. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, Pweto na Kilwa, wanaovuka kupakia huku, waandikwe pia. Daftari liko kwa katibu wa tawi, naye hukaa sokoni kila Jumamosi asubuhi.