Fahamu: Kijana akizidiwa na msongo wa mawazo Kenya, anatibiwa wapi?
Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Hatua kubwa: kijana aliyenusurika ahesabiwe mgonjwa, si mshtakiwa.

Lakini akatibiwe wapi? Wataalamu wengi wako mijini. Mathari, hospitali ya rufaa ya magonjwa ya akili, iko Nairobi. Mtoto wa Turkana huanzia zahanati, analalamikia tumbo na kukosa usingizi, na mara nyingi huondoka na dawa ya maumivu tu. Shuleni, mwalimu wa ushauri nasaha ana vipindi vya kufundisha pia.

Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yanazibebesha kaunti jukumu la kutoa matibabu haya. Zitenge fedha, ziajiri washauri, ziwafunze wauguzi kuuliza zaidi ya homa.