Mkimbiaji wa Majita na Saa Isiyo na Rafiki

Sogeeni, wanangu wa kisiwa cha Rukuba. Leo nawasimulia habari za mtu wa hapo ng'ambo, Majita, mwambao wa ziwa letu hili hili la Victoria. Anaitwa Suleiman Nyambui, alizaliwa mwaka 1953. Kazi yake? Kukimbia.

"Mjomba, kukimbia nako ni kazi?"

Umeuliza vizuri! Ni kazi. Nyambui alisoma chuo kikuu El Paso, Texas, huko Marekani, huku akikimbia. Akawa bingwa wa vyuo. Kila siku mazoezi, leo, kesho na keshokutwa.

Mwaka 1980 akaingia Olimpiki ya Moscow. Mita 5,000, yaani mizunguko kumi na miwili na nusu ya uwanja. Sikilizeni saa ya uwanjani inavyosimulia:

"Tik, tik. Mimi sina rafiki. Nahesabu tu. Wamezunguka, wamezunguka. Mzunguko wa mwisho, wakafyatuka! Miruts Yifter wa Ethiopia kavuka mstari. Tik... Nyambui huyu hapa! Wamekimbia dakika 13 na ushei, na kati yao hata sekunde moja haikutimia."

"Sasa mjomba, kwa nini hawakufyatuka tangu mwanzo?"

Swali la mtoto mwenye akili! Mama akisukuma kuni zote jikoni kwa mara moja, moto utawaka kwa fujo, kisha utazimika. Maharage je? Mabichi! Nguvu za mkimbiaji ndizo kuni hizo. Anazisogeza kidogo kidogo.

Nyambui akapata medali ya fedha. Mtanzania mwenzake, Filbert Bayi, naye akapata fedha hapo hapo Moscow, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mpaka Olimpiki ya Paris ya 2024 inakwisha, Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki ila hizo mbili. Mimi jambo hili linaniuma, maana watoto wenye mbio nawaona kila jioni hapa mwaloni.

"Halafu akastaafu?"

Wapi! Umri ukisogea, ule mfyatuko wa mwisho hupungua, lakini pumzi ya safari ndefu bado ipo. Nyambui akahamia marathoni, kilomita 42 na mita 195. Mwaka 1987, akiwa na miaka 34, akashinda Berlin. Mwaka 1988 akarudi Berlin, akashinda tena! Baadaye akawa kocha, kisha katibu mkuu wa chama cha riadha cha Tanzania, akiwashughulikia vijana waliotaka kukimbia kama yeye.